Dhahabu ya Ngozi, Gesi ya Palma

Palma ya mwaka 2016 ilikuwa mji wa kungoja. Gesi ilikuwa imeshagunduliwa baharini tangu 2010, magari ya wageni yakipishana njia ya Afungi, eneo la mradi wa gesi, viwanja vikipanda bei, na vijana wakitembea na vyeti vyao ndani ya mifuko ya nailoni wasije wakaitwa kazini ghafla. Barazani, mazungumzo yalianza na bei ya samaki yakaishia chini: chini ya bahari kuna nini, ni kingi kiasi gani, kitatoka lini, na atakula nani. Ilikuwa hivyo mkoa mzima wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Montepuez watu walikuwa wanachimbua rubi, Balama walikuwa wanajiandaa kuchimba grafiti. Kilichosimama juu ya ardhi hakikuwa na wa kukizungumzia.

Miongoni mwa waliongoja alikuwemo mchuuzi mmoja wa samaki wakavu, mzaliwa wa mji huo, ambaye leo ndevu zake zimeanza kuchanganya mvi. Kazi yake ilikuwa kukusanya ng'onda na pweza mkavu kwa wavuvi wa Quionga na wa visiwani, kuivusha shehena mto Ruvuma hapo Namoto, na kuiuza Mtwara. Mteja wake mmoja wa Mtwara alimshauri akapime soko la Mbeya, mji wa bara wenye watu wengi na bahari hauna. Akafunga viroba vyake, akaaga nyumbani, akaenda. Samaki waliuzika. Lakini anapoisimulia safari ile hataji faida aliyopata. Hutaja ziwa, na zaidi ya ziwa, msitu uliolizunguka.

Kuvuka Ruvuma kwake lilikuwa jambo la kila mara. Mto aliuona pale unapokaribia kumalizika, mpana, wa rangi ya udongo, wenye mafungu ya mchanga yanayohama kila masika, na viboko wanaoheshimiwa na kila nahodha. Hakuwa amewahi kujiuliza unatoka wapi. Basi la kutoka Mtwara lilipopita Masasi na Tunduru likaingia Songea, abiria wa pembeni yake alinyoosha kidole kwenye vilima vya Matogoro, nje kidogo ya mji, akamwambia kuwa Ruvuma unaanzia kule, msituni, kama chemchemi ambayo mtoto anairuka. Mchuuzi alidhani anataniwa. Mto wa karibu kilomita 800, mpaka wa nchi mbili, unaanzia kwenye vilima ambavyo ukipitiwa na usingizi kidogo hutaviona!

Mbeya ilimpokea kwa baridi. Ulikuwa mwezi wa saba, na mtu aliyezoea kulala na dirisha wazi alijikuta sokoni Mwanjelwa akichagua koti la mtumba kabla hata hajaulizia bei ya samaki. Mwenyeji wake, mfanyabiashara wa mchele wa Kyela, alimcheka sana. Biashara ilipokwisha akamwambia, "Mjomba, umetoka baharini mpaka huku, usirudi bila kuona Ngozi. Ni maji pia, ila hujapata kuona maji ya namna hiyo."

Ziwa Ngozi liko kwenye safu ya milima ya Poroto, kusini mwa jiji la Mbeya. Anayekwenda hushika barabara ya Tukuyu kutokea Uyole, akateremka Isongole, kisha akaacha lami. Linahesabiwa kuwa la pili kwa ukubwa kati ya maziwa ya kreta barani Afrika. Maji yake yamefunika kama kilomita za mraba 3, kina kinapita mita 70, na uso wake uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuta za kreta zinaliinukia pande zote, sehemu nyingine kwa mamia ya mita, na kuta hizo zimevaa msitu kutoka ukingoni hadi majini.

Kabla ya msitu kuna mashamba. Bodaboda ilimpitisha mchuuzi katikati ya viazi mviringo, kabichi, mahindi na vipande vya pareto yenye maua meupe, kwenye udongo mweusi mwororo uliotokana na majivu ya volkano. Wanawake waliojitanda khanga mbili mbili kwa baridi walimsalimu, "Ugonile," naye akajibu kwa "Salama" kwa kuwa hakuwa na jibu jingine. Mashamba yalipanda mlima hadi mahali pamoja, yakakoma ghafla. Upande huu tuta la viazi, upande ule mti wa msituni. Hapakuwa na ukuta wala waya. Alimuuliza kijana wa Isongole aliyekuwa anamwongoza ni nani anayewazuia watu wasilime mbele zaidi.

"Serikali," alijibu kijana. Wakapiga hatua kadhaa, akaongeza, "Na joka."

Njia ya kupanda ni nyembamba na inateleza hata mvua isiponyesha, maana ukungu wenyewe huloanisha kila kitu. Mchuuzi alikuwa amevaa viatu vya sokoni. Kijana alikuwa na buti za mvua na fimbo. Kulikuwa na kangaga ndefu kuliko mtu, migomba mwitu isiyozaa ndizi za kuliwa, na miti iliyofunikwa na kuvumwani hadi matawini, ukiikamua inachuruzika maji. Hilo la kuikamua alilifanya mwenyewe. Alichukua kishungi kimoja kutoka kwenye shina, akakibana kiganjani, na maji yakamtiririka hadi ndani ya mkono wa koti. Akarudia kwenye mti mwingine, na mwingine. Kijana alisimama akimtazama, pengine akishangaa mtu mzima anacheza na majimaji ya mtini. Mchuuzi alikuwa anapiga hesabu: kama kishungi cha ukubwa wa ngumi kina maji kiasi kile, mlima mzima una kiasi gani? Na mvua ya wilaya hii ya Rungwe, miongoni mwa nyingi kabisa Tanzania, ingepita wapi kama miti hii isingekuwepo kuipokea?

Karibu na ukingo, kijana alimwonyesha kinyonga. Alikuwa wa kijani chenye madoa ya kahawia, ameshika tawi kwa vidole vilivyogawanyika kama koleo, na usoni ametokeza pembe tatu, moja puani na mbili juu ya macho. Ndiye kinyonga wa Poroto, ambaye makao yake ni milima hii na jirani zake za kusini mwa Tanzania tu. Wataalamu wanamjua kwa jina la Fülleborn, daktari wa Kijerumani aliyefanya kazi maeneo haya mwishoni mwa karne ya 19. Kama vinyonga wengine kadhaa wa nyanda za baridi, jike wake huzaa watoto, hatagi mayai. Mchuuzi alitaka kumshika. Kijana akakataa katakata. Kinyonga hashikwi, na hasa hashikwi mtu akiwa njiani kwenda ziwani.

Hapo ndipo masimulizi yalipofunguka. Kwa mujibu wa kijana, maji ya Ngozi ni dawa, na kuna wanaotoka mbali kuyachota. Ziwa likitazamwa kutoka upande fulani lina umbo la ramani ya Afrika. Ndani yake kuna joka, au jini, inategemea anayesimulia. Na kazi ya joka hilo ni kulinda hazina: Wajerumani walipoona vita vimewaelemea walibeba dhahabu yao hadi juu hapa wakaitumbukiza ziwani, wakitumaini kurudi.

"Umeiona?" mchuuzi aliuliza.

"Mzee, kama ningeiona ningekuwa nakuongoza wewe?"

Mchuuzi alicheka, ila habari ya Wajerumani ilimgusa kwa njia nyingine. Quionga, anakonunua pweza, ilikuwa mikononi mwa Wajerumani tangu 1894. Wareno waliichukua Aprili 1916, na baada ya vita, mwaka 1919, wakathibitishiwa kuwa ni yao. Mwezi mmoja tu baada ya Quionga kuanguka, Mei 1916, majeshi ya Waingereza yalipanda kutoka Nyasaland yakaiteka Tukuyu, mji uliokuwa ukiitwa Neu Langenburg, chini tu ya milima ya Poroto. Kwa hiyo pwani yake na mlima ule vilimtoka bwana yule yule kwa wakati mmoja. Babu zake walisimulia vita hivyo kama njaa na uchukuzi wa kulazimishwa. Hakuna aliyesimulia dhahabu.

Historia iliyoandikwa inawaunga mkono babu zaidi kuliko inavyoliunga mkono joka. Novemba 1917 jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck, likifukuzwa kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani, lilivuka Ruvuma na kuishambulia kambi ya Wareno hapo Negomano. Lilikuwa jeshi lenye upungufu wa chakula, risasi, dawa na nguo. Lilichokichukua Negomano ni bunduki, risasi, sare na shehena ya vyakula, likaendelea kusini likiishi kwa kuteka. Leo karibu na pale pamejengwa Daraja la Umoja lenye urefu wa mita 720, lililofunguliwa Mei 2010. Jeshi lililokuwa na shida ya unga lisingekuwa na dhahabu ya kutupa ziwani. Hata hivyo hadithi ya dhahabu imeishi miaka mia moja, na mchuuzi anadhani anajua sababu: inampa kila mtu haki ya kungoja.

Walifika ukingoni wakakuta hakuna ziwa. Mbele yao palikuwa na ukungu mweupe uliojaa kreta nzima, na kijana akasema, kama mtu anayezungumzia ofisi, kwamba wasubiri. Walikaa juu ya mizizi wakala mahindi ya kuchoma waliyonunua njiani, yakiwa yamepoa. Ukungu ulipasuka kuanzia upande wa kusini, na maji yakaonekana chini kabisa, ya kijani kibichi katikati, meusi kando pale kivuli cha msitu kilipoyafikia. Hapakuwa na mtumbwi hata mmoja. Hapakuwa na kijiji, moshi, wala mtu anayefua. Kwa mtu wa Palma, maji yasiyo na mtu ni jambo la kushtua kidogo.

Maswali yake yalikuwa ya kipwani. Maji yanajaa na kupwa saa ngapi? Hayajai wala hayapwi. Mto unaoingia uko wapi? Hakuna mto wa maana. Na unaotoka? Hakuna kabisa. Maji ya Ngozi hutokana na mvua na yale yanayopenya kutoka ardhini, hupungua kwa mvuke na kwa kunywewa na miamba. Watafiti waliolipima wamegundua pia kwamba lina chumvichumvi, kwa sababu maji ya moto yaliyobeba madini hupanda kutoka chini na kuchanganyika nalo. Kijana alijua hilo kwa lugha yake: ziwa, alisema, lina jiko.

Jiko hilo halijazimika zamani sana. Wanajiolojia wanakadiria kwamba mlipuko mkubwa wa mwisho wa Ngozi ulitokea katika miaka 1,000 iliyopita, na mkondo wa majivu na gesi moto ukateremka kusini umbali wa kilomita kama 10. Ardhi ya Rungwe bado inatoa gesi ya kabonidayoksaidi kwa wingi kiasi kwamba kampuni ya TOL Gases huivuna wilayani humo na kuwauzia wateja wake, vikiwemo viwanda vya vinywaji. Mapovu ya soda aliyokunywa mchuuzi stendi ya Uyole huenda yalitoka chini ya milima ile. Gesi hiyo ina upande wa pili. Usiku wa Agosti 21, 1986, ziwa jingine la kreta, Nyos la Cameroon, liliitapika kwa mara moja ikaua watu wapatao 1,700 wakiwa majumbani mwao. Mazingira ya Ngozi si yale ya Nyos, lakini wazee waliowakataza watoto kuteremka majini peke yao hawakuwa wajinga.

Na kama Palma, Ngozi nayo ina watu wanaotazama chini kwa vipimo. Kampuni ya serikali ya kuendeleza jotoardhi Tanzania, TGDC, iliyoanzishwa 2013, iliweka Ngozi miongoni mwa maeneo yake ya kwanza ya kutafuta mvuke wa kuzalishia umeme. Mchuuzi alipoambiwa hivyo alijihisi yuko nyumbani. Dhahabu ya Wajerumani chini ya ziwa, mvuke chini ya mlima, gesi chini ya bahari ya Afungi. Kila mahali alipokwenda, utajiri ulikuwa chini na unangojewa.

Kilichombadilisha ni maelezo ya kawaida kabisa ya kijana, walipokuwa wamesimama mahali ambapo ukingo ni mwembamba na mtu anaona pande zote mbili. Mvua inayonyesha safu hii ya Poroto, alisema, haiendi mahali pamoja. Ya upande wa kusini huingia kwenye mito kama Kiwira na Mbaka, ikaishia Ziwa Nyasa. Ya kaskazini hulisha vijito vya Ruaha Mkuu. Mchuuzi aliyekamua kuvumwani asubuhi ile aliifuatilia kichwani. Katika Ziwa Nyasa hutokea mto Shire, Shire huungana na Zambezi, na Zambezi humwagika baharini karibu na Chinde, Msumbiji. Ruaha huingia Rufiji, na Rufiji humwagika mkabala na Mafia. Matone mawili yaliyoanguka kwa jirani juu ya mlima hukutana na bahari sehemu zilizoachana zaidi ya kilomita 1,000, na Palma iko baina yao.

Mtu wa bara angehitaji ramani kulielewa hilo. Yeye hakuhitaji, maana mabaharia wa kwao wanaishi nalo. Mkondo mkuu wa bahari utokao mashariki hugota pwani ya Afrika karibu na Rasi ya Delgado, ukagawanyika: mkono mmoja hupanda kuelekea Mtwara, Mafia na Unguja, mwingine huteremka katika mlango bahari wa Msumbiji. Nahodha asiyejua yuko upande gani wa mgawanyiko anaweza kuamka asubuhi mbali sana na alikokusudia. Ukingo ule wa Ngozi ulikuwa rasi ya mvua.

Akaanza kuuangalia msitu kwa jicho la mfanyabiashara. Hapa palikuwa na kitu kinachofanya kazi usiku na mchana, kinapokea mvua, kinaihifadhi, kinaitoa kidogo kidogo kwa wakulima wa pande mbili, kwa mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, kwa wavuvi wa Nyasa, hadi kwa mikoko ya Rufiji na ya Zambezi. Hakihitaji kuchimbuliwa. Na kimebaki, kwa jinsi alivyoelewa, kwa sababu nne zilizosaidiana. Kuta ni kali mno kulimwa. Sheria imeufanya hifadhi, na Wakala wa Huduma za Misitu una watu wake pale. Wakulima wa chini wanajua maji yao yanatoka wapi. Na joka linawakaba wasioogopa sheria. Ukiondoa sababu moja, tatu nyingine zinaweza kushikilia. Ukiondoa mbili, alisema kijana, nenda ukaone milima mingine.

Mchuuzi hakuteremka hadi majini. Mteremko ni wa kushikilia mizizi na alitaka kuwahi basi.

Aliporudi Palma alianza kuuliza habari za misitu ya kwao, na majibu yalimshangaza kuliko Ngozi. Miaka ya 2008 na 2009 wataalamu wa mimea na wadudu, kutoka Jumba la Makumbusho ya Historia Asilia la Paris na taasisi nyingine, pamoja na wenzao wa Msumbiji, walipiga kambi kwenye misitu mikavu ya pwani ya Cabo Delgado, ikiwemo ile ya Nhica do Rovuma. Utafiti uliochapishwa 2011 ulihesabu aina zaidi ya 700 za mimea katika vipande hivyo vya msitu. Makumi kadhaa hazikuwa zimewahi kurekodiwa Msumbiji, na kadhaa hazikuwa na jina la kisayansi popote duniani. Watafiti hao hao walionya kuwa sehemu kubwa ya msitu huo imeshapotea, na kilichobaki ni vipande vipande, vingi vikiwa nje ya hifadhi.

Kwa watu wa Palma vipande hivyo vilikuwa ni "porini", mahali pa kuchoma mkaa, kukata boriti na kutafuta asali. Wazee walikumbuka zaidi. Walikumbuka misandarusi, ambayo utomvu wake uliogeuka jiwe ardhini ulichimbwa na kupelekwa Unguja karne ya 19, ukasafirishwa Ulaya na Marekani kutengenezwa vanishi. Hata hiyo, alitambua mchuuzi, ilikuwa hazina ya chini. Watu waliisaka sandarusi mchangani na mti wenyewe hawakuuhesabu. Baadaye ikaja zamu ya mkongo na mpingo, na magogo yakaondoka kwa makontena hadi sheria mpya ilipopiga marufuku kusafirisha magogo ghafi kuanzia 2017.

Mwaka huo huo, Oktoba 5, risasi za waasi zililia Mocímboa da Praia, mji wa jirani, na mengine yote yakasahauliwa. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga pwani kusini kidogo. Agosti 2020 Mocímboa ikatekwa, ikakombolewa mwaka mmoja baadaye na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Machi 24, 2021 ilikuwa zamu ya Palma yenyewe. Mwezi uliofuata kampuni ya TotalEnergies ilisimamisha mradi wake wa gesi wa Afungi, na kile kilichongojewa kwa miaka kumi kikawa mbali zaidi kuliko kilivyokuwa kabla ya kugunduliwa.

Maelfu ya watu waliikimbia Palma kwa miguu kupitia msituni kuelekea Nangade na Mueda. Mchuuzi alikuwa mmoja wao, na ni sehemu ya habari yake anayoipitia haraka. Anasema tu kuwa siku zile walikunywa kwenye madimbwi yaliyohifadhiwa na kivuli, wakala mizizi ambayo bibi mmoja katika kundi lao aliitambua, na kwamba pale msitu ulipokuwa umekatwa ndipo walipoogopa zaidi, kwa sababu hapakuwa na pa kujificha. Haongezi kitu hapo. Wala hauremeshi msitu kupita kiasi, kwa kuwa anajua uliwaficha na waliokuwa wanawawinda. Wapo jirani zake ambao hadi leo wakisikia jina la pori wanataka lisafishwe lote, barabara ionekane kutoka huku hadi kule. Anawaelewa. Ila hukumbuka joka la Ngozi. Hofu ya joka humzuia mwenye shoka, na bado mwanamke anaokota kuni na mtoto anachuma matunda. Hofu ya bunduki humwondoa kila mtu, halafu anayerudi wa kwanza ni yule mwenye msumeno.

Sasa watu wamerudi, na mwishoni mwa 2025 kampuni ilitangaza kuuondoa mradi kwenye hali ya kusimamishwa. Palma inajengwa upya. Kila nyumba inataka boriti, fito na mkaa wa kupikia mafundi, na vyote vinatoka mahali pamoja. Mchuuzi, ambaye naye amejenga, hajifanyi kuwa yuko nje ya hesabu. Anachojaribu kufanya ni kuuingiza msitu katika mazungumzo ya baraza, mle mle inamozungumzwa gesi. Huanza na sheria, kwa sababu amegundua watu husikiliza fedha mapema. Sheria ya ardhi ya 1997 inatambua haki ya jamii juu ya ardhi iliyokaliwa kwa mila, na kuiruhusu jamii kuomba mipaka yake ipimwe na kuandikishwa. Kanuni za misitu za mwaka 2002 zilitenga asilimia 20 ya ushuru wa misitu na wanyamapori irudi kwa jamii za eneo husika. Fedha hizo zina masharti: lazima jamii iwe na kamati inayotambulika. Na ili kuzidai, husema, ni vizuri ijue msitu wake unaanzia wapi na kuishia wapi.

Katika kikao kimoja cha mtaa, baada ya kusema hayo, mpwa wake alisimama. "Mjomba, shikamoo. Gesi ina ofisi, ina ramani, ina askari. Huo msitu wako una nani?"

"Una ninyi," alijibu.

"Sisi hatuna bati."

Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao, kisha ubishi ukaendelea hadi adhana ya magharibi: nani akate wapi, mkaa uchomwe na nani, wageni wanaokuja na msumeno wa mashine wamwombe idhini nani. Mengi hayakuamuliwa. Lililokubaliwa ni kwamba wazee wawili wanaoikumbuka misandarusi na mikongo iliyobaki wafuatane na vijana wenye simu za kupimia mahali, wapite pembe kwa pembe kabla ya masika, na orodha ifike kwa mkuu wa mtaa ikiwa imeandikwa. Mpwa aliyeuliza swali ndiye aliyepewa kazi ya kubeba simu.